Walipopata Neno la "Kama"

Msimamizi hakuwapenda viziwi tangu siku walipoletwa, wala hakujisumbua kuficha. Aliwaita mabubu mbele yao, kwa sauti, na walipomtazama mdomo wakijaribu kumsoma aliwapa mgongo makusudi.

Kilikuwa kiwanda cha kufua nguo za watu wengi: mashuka ya hospitali mbili, taulo na foronya za hoteli, makoti ya wapishi. Mashine nane zilinguruma toka saa kumi na mbili asubuhi, na ile pasi kubwa ya mvuke, yenye mapipa mawili ya chuma yanayomeza shuka limekunjamana na kulitema limenyooka, ilipiga kelele kama lori lililokwama mlimani. Watu wenye masikio yao walidumu miezi sita, vichwa vikawauma, wakaaga. Ndipo mwenye kiwanda, ambaye wote walimwita Bosi, akapata wazo.

"Dada," alimwambia Msimamizi, maana walikuwa tumbo moja na yeye Bosi ndiye mdogo kwa miaka tisa, "naajiri viziwi. Kelele haiwahusu. Tena hawapigi umbea, hawagomi, hawaendi kunisema popote. Unataka nini zaidi?"

"Nataka mtu nikimwambia kitu asikie."

"Utawaonyesha kwa kidole. Kwani kufua kunahitaji hotuba?"

Kazi ile Msimamizi alipewa na mdogo wake alipofiwa na mume, na riziki ya kupewa kwa huruma mtu huila akitazama mlango. Alikuwa na binti mmoja, aliyeolewa na dereva wa gari la kiwanda, na hiyo kazi ya udereva pia ilipatikana kwa kupiga magoti ofisini kwa Bosi. Kwa hiyo akiambiwa waje viziwi, waje.

Wakaja watano. Kila mmoja alitoka katika nyumba ambamo yeye ndiye kiziwi peke yake, na kila mmoja alikuja na vishara vyake alivyotumia na mama yake au bibi yake. Hawakuelewana hata kidogo. Mwanamke mmoja, ambaye wenye masikio walimwita Kovu kwa sababu ya alama ya moto shavuni, alikuwa akitaka chakula anajipapasa tumbo. Kijana wa mashine, ambaye kwao kupapasa tumbo kulimaanisha mimba, akacheka mpaka akashika ukuta. Kovu alimchapa na taulo bichi usoni, na Msimamizi akaona burudani ya mwaka. Siku zile ndizo alizozipenda. Watu watano wasioelewana, ukisimama katikati na kidole chako, wewe ndiye serikali. Aliwapangia kazi kwa kuwasukuma mabega. Aliwakata muda wa chakula, na hakuna aliyeweza kuuliza kwa nini.

Mwaka wa pili wakaja pacha.

Walikuwa wasichana wa miaka ishirini, viziwi wa kuzaliwa, wenye wazazi wanaosikia. Hawakupita shule yoyote wala hawakufundishwa na mtu. Mama yao, siku alipowaleta, alisimulia kwamba aliwakuta wakibishana kwa vidole kitandani kabla hawajajua kutembea vizuri, na kwamba tangu wakati huo ndani ya nyumba yake mna lugha asiyoijua yeye.

"Nimewazaa mwenyewe," alisema, "lakini wakianza kuongea mimi ndiye mgeni."

Msimamizi alimcheka. "Kuongea? Wale wanapunga mikono, mama."

Ila mtu mmoja aliona mapema kwamba si kupunga. Huyo alikuwa Fundi, mzee wa cherehani aliyeshona mashuka yaliyochanika, anayesikia vizuri tu na mwenye mdomo usiojua likizo. Cherehani yake ilikuwa mita mbili kutoka meza ya kukunjia, na kwa kuwa kelele haikumruhusu kupiga soga na wenye masikio, akahamishia soga zake mikononi. Alipotea njia miezi mingi, wakamcheka, akarudia. Kufikia mwaka wa tatu alikuwa anaelewa karibu yote.

Na kulikuwa na mengi ya kuelewa. Wale wengine waliishika lugha ya pacha kama moto unavyoshika nyasi za kiangazi, wakaichanganya na vishara vya kwao, ikawa ya wote. Kovu, aliyekuwa na miaka thelathini na miwili na hajawahi kumaliza hadithi moja maishani mwake, alisimulia kwa wiki nzima jinsi alivyoungua. Aliyechelewa ni mmoja tu, Mzee wa Pasi, mtu wa miaka hamsini na kitu aliyelisha mashuka kwenye mapipa ya mvuke. Yeye alishika majina ya vitu: shuka, chai, moto, nyumbani. Ukimfungia maneno mawili pamoja, anatabasamu na kutikisa kichwa.

"Kila mtu huzaliwa na mlango huo," Fundi alisema siku moja. "Wa mzee haukubishwa hodi alipokuwa mdogo. Sasa bawaba zimeshika kutu."

Msimamizi hakuwa na muda wa bawaba. Kilichomkera ni kwamba watu wake walikuwa wanabadilika. Zamani yule aliyewekwa mahali pa joto kali, ubavuni mwa pasi, alikaa hapo mpaka azimie. Sasa walibadilishana kila saa bila kuamriwa. Zamani wakigombana aliwaachanisha yeye. Sasa waligeukia kwa Kovu, Kovu anasikiliza kwa macho upande huu na upande ule, anasema neno kwa mkono mmoja, na ugomvi unakwisha. Hakuna aliyemteua Kovu. Yaani walikuwa wamemteua, ila hakuna aliyemuuliza Msimamizi.

"Na ile ni nini?" alimuuliza Fundi mchana mmoja. "Ile ya kuweka kiganja hivi na kupandisha nyusi. Wanaifanya kila saa."

"Ile ni 'kama'."

"Kama nini?"

"Kama. Kama mvua ikinyesha. Kama Bosi akikataa. Wakiweka kiganja hivyo, ujue linalofuata halijatokea, wanalipima tu."

"Mabubu wanapima nini?"

"Mara nyingi," Fundi akasema akikata uzi kwa meno, "wanakupima wewe."

Kesho yake Msimamizi alisimamisha pazia la turubai katikati ya chumba, viziwi wanne huku na watatu kule. Ikapita siku mbili akagundua wanaonana kwenye milango ya vioo ya mashine, vile vioo vya mviringo. Akaamuru vioo vipakwe rangi. Kovu alipogeuka kumwambia pacha jambo, Msimamizi alimpiga kwenye vidole kwa kiango cha mbao cha kutundikia makoti. Kovu hakulia. Alivitazama vidole vyake, kisha akamtazama Msimamizi muda mrefu, kama mtu anayesoma barua.

Ndipo mashuka yakaanza kupotea.

Yalikuwa mapya, ya hoteli, meupe yenye pindo la bluu. Kwanza manne, kisha sita, kisha kumi na mawili kwa mpigo siku ya Alhamisi. Hoteli ikatishia kupeleka kazi kwingine. Bosi alishuka kutoka ofisini uso umemvimba.

"Dada, mwizi yumo humu ndani. Nipatie ifikapo Jumatatu."

Jumamosi ile Msimamizi alikwenda kumtembelea binti yake akalala huko. Alipofunua blanketi ajilaze alikuta pindo la bluu. Alikaa ukingoni mwa kitanda akilishika kwa vidole viwili. Hakumwita binti. Hakumuuliza mkwewe, ambaye sebuleni alikuwa akicheka na watoto. Alilala juu ya shuka lile mpaka asubuhi, na kabla hakujakucha alishajua la kufanya. Ukimtaja anayeweza kusema, atasema. Basi mtaje asiyeweza.

Jumatatu mashine zilizimwa, na kwa mara ya kwanza tangu chumba kile kijengwe zikasikika sauti za nje. Pazia lilikuwa limekusanywa pembeni. Bosi alisimama mbele ya meza ya kukunjia. Dereva aliegemea mlango wa nyuma akizungusha funguo za gari kidoleni. Msimamizi akanyoosha mkono.

"Ni huyu. Nilimwona Alhamisi akipakia kwenye mkoba."

Kidole kile hakikuhitaji mkalimani, na maneno Fundi aliwapitishia kwa mikono. Kovu alijigusa kifua: mimi? Kisha wote wakaanza kuongea mara moja, mikono ikapanda na kushuka juu ya meza, haraka hata mtu angedhani wanafukuza nyuki. Mzee wa Pasi peke yake alikaa akiwatazama mmoja mmoja.

"Wanafanya nini?" Bosi akauliza.

"Fujo," alisema Msimamizi. "Ita polisi."

Fundi alisukuma kiti chake nyuma. "Bosi, wanajadili. Na sasa wamemaliza. Wanaomba kusema."

"Kusema?"

"Mimi nitawapa mdomo."

Pacha mkubwa, yule aliyetangulia kuzaliwa, alisogea mbele. Hakumtazama Bosi. Alimtazama Msimamizi, na mikono yake ikaenda polepole ili Fundi asikose kitu.

"Anasema hivi," Fundi akaanza. "Chumba hiki kina milango miwili. Wa mbele tunatokea sisi, na kila jioni Msimamizi anakagua mikoba yetu hapo mlangoni kwa mikono yake. Wa nyuma unakwenda kwenye gari, na tangu tuje hatujaupita." Akangoja. "Sasa anasema: kama mashuka kumi na mawili yalitoka kwa mlango wa mbele, Msimamizi aliyaona kwenye mkoba akayaachia, basi yeye ni mwizi mwenzake Kovu. Na kama hayakutoka kwa mlango wa mbele, yalitoka kwa wa nyuma. Wenye funguo za mlango wa nyuma ni wawili. Kovu hayumo."

Funguo za Dereva ziliacha kuzunguka.

"Na anaongeza," Fundi aliendelea, "mashuka kumi na mawili yangeenea vipi kwenye mkoba wa kubebea chakula? Anasema jaribu, Bosi, mkoba ule pale."

Mtu mmoja wa upande wa mashine alicheka, akajifanya anakohoa. Msimamizi hakuwa amewahi kufikiria milango. Alikuwa amefikiria watu, yupi anasema na yupi hasemi, akaishia hapo.

"Uongo!" alifoka. "Maneno ni ya Fundi! Mzee huyu anatunga, hao wanapunga tu! Bubu atajuaje 'kama'? Bubu hujua shuka na wali, basi!"

Bosi alikuna kidevu. Alikuwa mtu wa biashara, na neno la dada yake lilikuwa na uzito kwake. "Tutajaribu," akasema. "Fundi, toka nje kabisa, simama barabarani nikuone dirishani. Nyie wengine geukieni ukuta." Akawaonyesha ukuta kwa kidole.

Alimchukua pacha mdogo peke yake, akaingia naye stoo. Humo, kama alivyosimulia baadaye, alitoa saa yake mkononi, akaiweka ndani ya ndoo ya sabuni. Kisha akajifanya anaondoka, akarudi kwa kunyata, akaitoa, akaificha ndani ya kiatu cha mvua kilichokuwa nyuma ya mlango. Akatoka. Wale wengine wakageuzwa, pacha mdogo akasimama mbele yao, mikono ikaenda muda wa kuhesabu mpaka kumi, ikatua.

Aliyekwenda kuichukua ni Kovu. Aliingia stoo, akapita ndoo ya sabuni bila kuitazama, akarudi na saa ikining'inia kidoleni. Aliiweka mezani mbele ya Bosi. Fundi alipoitwa tena ndani, Bosi alimwambia, sauti imeshuka, "Muulize mdogo aliwaambia nini hasa."

Fundi aliuliza, akatazama jibu, akacheka. "Anasema: 'Kwanza aliweka kwenye ndoo ili mimi nidhani iko kwenye ndoo. Kisha akahamishia kwenye kiatu, akidhani sikumwona. Kiatu cha kushoto. Kinanuka.'"

Hakuna aliyecheka naye. Bosi aliivaa saa yake taratibu, akageukia mlango wa nyuma.

"Dereva. Lete funguo."

"Bosi, mimi..." Dereva alimtazama mama mkwe wake, na alichokitafuta usoni mwake hakukipata. "Mama, sema kitu! Si ulijua? Jumamosi si ulilala juu yake mwenyewe? Ulikunja ukaweka kichwani mwa kitanda, ukanyamaza! Leo naachwa peke yangu?"

Ukimya ulioingia haukuwa wa viziwi. Wao mikono yao ilikuwa inaendelea, wakiulizana amesema nini, na Fundi, bila kuombwa na mtu, akawatafsiria neno kwa neno.

Dereva alifukuzwa mchana ule ule. Jioni Msimamizi alikwenda kwa binti yake. Binti alifungua mlango nusu, mtoto kiunoni.

"Umemuuza mume wangu kwa mabubu."

"Sikumuuza. Nilimkinga. Nilimtaja mwingine."

"Ukashindwa hata hilo," binti akasema, akafunga.

Alikaa nyumbani siku nne. Ya tano Bosi alimwita. Hakumkaribisha kiti.

"Hawaingizi shuka mashineni," alisema. "Wanakaa mezani wamefunga mikono. Hoteli inanipigia kila saa. Wanasema watafanya kazi wakishaamua juu yako."

"Tangu lini mabubu wanaamua juu ya dada yako?"

"Tangu Jumatatu." Akasugua macho. "Ungekuja na mwizi mwingine yeyote, Dada. Umenifanya mjinga mbele ya watu niliowaajiri kwa sababu nilidhani hawawezi kuona ujinga wangu."

Wakashuka pamoja. Viziwi saba walikuwa wameketi kuzunguka meza ya kukunjia, na Msimamizi akawekewa kiti mwisho wa meza, pale panapopangwa foronya. Walimjadili mbele yake. Fundi alimtafsiria Bosi, na hakushusha sauti.

"Kijana wa mashine anasema aondoke, kwa sababu aliyempiga mtu vidole amempiga mdomo. Kovu anasema aondoke." Akafuatilia mikono. "Pacha mkubwa anasema hapana. Anasema: kama akiondoka, Bosi ataleta mwingine tusiyemjua, na huyo atahitaji miaka mitatu kujifunza kutuogopa. Huyu ameshajifunza. Mwenye meno yaliyong'oka ni bora kuliko mwenye meno mapya."

Msimamizi alikuwa akitazama mikono ile na hakuona humo hata kitu kimoja cha kushika. Hakukuwa na hasira ndani yake wala huruma. Walikuwa wakimpima tu. Yeye mwenyewe alikuwa amewapima hivyo hivyo, kitandani kwa binti yake, akitafuta yupi ana hasara ndogo.

"Msamaha je?" Bosi aliuliza. "Akiomba msamaha?"

Fundi alipeleka swali. Kovu alijibu kwa ishara mbili fupi.

"Anasema autunze."

Waliinua mikono. Watatu walitaka aondoke, watatu abaki. Akabaki Mzee wa Pasi, ambaye hakuwa ameelewa swali. Pacha walitumia karibu nusu saa kumwigizia: mmoja akawa Msimamizi anakwenda zake, mwingine akawa mtu mgeni anaingia, kisha wakarudia kinyume. Neno la kiganja na nyusi halikumwingia kabisa. Kwake mtu yuko au hayuko. Hatimaye aliinuka mwenyewe, akatembea mpaka mwisho wa meza, akaweka viganja viwili mabegani mwa Msimamizi na kumkandamiza kitini, kwa nguvu, kama unavyokandamiza furushi lisifumuke. Kisha akarudi mahali pake.

Hakuna aliyejua alimaanisha nini. Fundi alisema labda ni kumhurumia. Kijana wa mashine alisema ni kumzuia asikimbie. Hata hivyo walihesabu kuwa ni kura ya kumbakisha, nne kwa tatu, maana walikuwa wamekubaliana kabla kwamba kila mkono ni sawa na mwenzake, na Kovu, aliyeshindwa, ndiye aliyesimama wa kwanza kwenda kuwasha mashine.

Masharti yalikuwa machache. Mikoba haikaguliwi tena na yeye. Pazia litolewe, rangi kwenye vioo ikwanguliwe, na atakayekwangua ni yeye. Alikwangua siku mbili kwa wembe na maji ya sabuni, kioo kimoja baada ya kingine, nyuma yake wao wakiongea. Mara moja aligeuka ghafla. Wote saba walikuwa wanamtazama, na mikono ilikuwa imesimama hewani. Aligeukia kioo chake akaendelea kukwangua.